Kuumuka, Kuchemka na Kufungamana: Maoni Kuhusu Istilahi za Kiswahili za Ulimwengu Mchanga

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaweza kuonekana kuwa liko mbali na shughuli za idara ya Kiswahili, nalo ni namna tunavyoyataja kwa lugha yetu matukio yaliyotokea katika ulimwengu mara tu baada ya kile ambacho wanafizikia hukiita mfumuko wa ulimwengu. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili, kwa kuwa kimechelewa kuingia katika uwanja huu, kina nafasi ambayo lugha zilizotangulia zimekwisha kuipoteza: nafasi ya kuyapa matukio majina yanayolingana na matukio yenyewe. Hata hivyo, nafasi hiyo inapotea kila tunapofanya tafsiri sisisi ya istilahi za Kiingereza bila ya kujiuliza kama istilahi hizo ni za kweli.

Chanzo cha makala haya ni kosa la mwandishi mwenyewe. Wakati wa likizo ya kiangazi, kijijini Ihumwa, kilomita chache tu kutoka Mji wa Serikali wa Mtumba, mwandishi aliombwa na binti wa dada yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amweleze kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiingereza kilichohusu chanzo cha ulimwengu. Tulikuwa tumeketi uani baada ya chakula cha usiku. Tulipofika mahali panapoeleza jinsi elektroni zilivyoshikana na viini kuwa atomi, mwandishi alitafsiri, bila ya kufikiri, kwamba hapo elektroni na viini "viliungana upya". Binti akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, kwani viliachana lini?"

Swali hilo lilikuwa sahihi, na mwandishi hakuwa na jibu. Elektroni na viini havikuwa vimewahi kuungana kabla ya hapo. Neno "upya" halikutoka katika fizikia. Lilitoka katika kiambishi awali cha neno la Kiingereza. Mtoto aliyefundishwa sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akahamishiwa Kiingereza katika sekondari, aliliona kosa hilo mara moja kwa sababu alilisikia katika lugha anayoifikiria. Kwa Kiingereza angelikariri tu, akalijibu katika mtihani, na akapewa alama zake zote.

2.0 Usuli wa Suala Hili

Si lengo la makala haya kurudia mjadala mrefu wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania. Inatosha kukumbusha kwamba Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu ya sekondari na kuendelea, na kwamba pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka tena kuwa Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, lakini mpaka leo fizikia ya sekondari ingali ikifundishwa kwa Kiingereza.

Hoja iliyotumiwa mara nyingi kupinga mabadiliko hayo ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Wataalamu wetu wameijibu kwa vitendo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, limekuwa likisanifu istilahi kwa miongo mingi. Kwa juhudi hizo tunaweza leo kusema kani, nishati, tungamo, halijoto, mnururisho na ombwe bila ya kusita. Tofauti tu kati ya joto na halijoto, ambayo wasemaji wengi wa Kiingereza huivuruga katika maongezi ya kawaida, ni ushahidi kwamba istilahi iliyoundwa kwa makini humsaidia mwanafunzi kufikiri.

Hata hivyo, fizikia ya ulimwengu mchanga ilipata sura yake ya sasa wakati kamusi hiyo ikichapishwa na baada ya hapo. Setilaiti ya COBE ilirushwa mwezi Novemba 1989, na matokeo yake makubwa kuhusu tofauti ndogo za halijoto katika mnururisho wa usuli yalitangazwa mwezi Aprili 1992. Nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyopata joto mwishoni mwa mfumuko ilifafanuliwa upya na Kofman, Linde na Starobinsky mwaka 1994. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, ilitoa matokeo yake ya kwanza ya kikosmolojia mwaka 2013 na ya mwisho mwaka 2018. Kwa hiyo hapa tunazungumzia eneo ambamo kazi ya kuunda istilahi haijakamilika, na ambamo kila mwalimu na kila mwandishi wa habari hujitafsiria apendavyo.

Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili ni mgeni kabisa angani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyosaidia kutambua kwamba Cygnus X-1 yamkini ni shimo jeusi, na orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Mpaka leo wanaastronomia wa mataifa yote huviita vyanzo hivyo kwa namba zinazoanza na 4U, na herufi hiyo U ni ya neno letu. Lakini neno hilo lilitumika kama jina tu. Makala haya yanadai zaidi ya jina: yanadai maelezo.

3.0 Mfumuko au Mwumuko?

Dhana ya kwanza ni ile iliyopendekezwa na Alan Guth katika makala yake ya mwaka 1981, kisha ikarekebishwa mwaka 1982 na Andrei Linde kwa upande mmoja, na Andreas Albrecht na Paul Steinhardt kwa upande mwingine. Kwa mujibu wa dhana hiyo, katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza, nafasi yenyewe ilitanuka kwa kasi ya kujizidisha maradufu tena na tena. Yafaa tuseme wazi kwamba dhana hii inaungwa mkono na vipimo vingi lakini haijathibitishwa moja kwa moja. Mwezi Machi 2014 watafiti wa BICEP2 walitangaza kwamba wameona alama ya mawimbi ya graviti yaliyotokana na tukio hilo. Mapema mwaka 2015 ilidhihirika, kwa kulinganisha na data za Planck, kwamba alama hiyo ilitokana kwa kiasi kikubwa na vumbi la galaksi yetu.

Waandishi wa Kiswahili wameiita dhana hii mfumuko, kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa ulimwengu na kwa bei. Hapa pana tatizo. Kitenzi kufumuka, katika matumizi ya kawaida, ni kuachia kwa kitu kilichoshonwa au kilichofungwa, au kuzuka kwa ghafla. Msikilizaji huona mshono uliokatika na vitu vilivyotawanyika kutoka mahali pamoja. Hiyo siyo picha inayotakiwa. Picha inayotakiwa ni ya kitu ambacho kila sehemu yake inaachana na kila sehemu nyingine, bila ya kuwa na kitovu.

Kiswahili kina kitenzi cha picha hiyo, nacho ni kuumuka. Mama anayeukanda unga wa maandazi jioni, akautia hamira na kuufunika, asubuhi huukuta umeumuka. Haukulipuka, wala haukutawanyika kwenda nje ya bakuli kutoka katika nukta moja. Umetanuka kila mahali kwa pamoja. Kama ndani yake mna zabibu kavu, kila moja itaiona nyingine ikienda mbali nayo, na hakuna itakayokuwa na haki ya kudai kwamba yenyewe ndiyo ya katikati. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mwumuko wa ulimwengu, na mfumuko tuwaachie wachumi na bei zao.

Tunatambua upungufu wa pendekezo hili. Unga huumuka polepole, ilhali tukio tunalolitaja lilikuwa la haraka kupita kiasi. Na unga huumuka ndani ya bakuli, ilhali ulimwengu hauna bakuli. Sitiari zote huchechemea. Lakini sitiari inayochechemea katika kasi ni afadhali kuliko inayopotosha umbo la tukio zima.

Hoja hiyohiyo inahusu Mlipuko Mkuu. Jina la Kiingereza, Big Bang, lilitolewa na Fred Hoyle katika kipindi cha redio ya BBC mwaka 1949, naye Hoyle alikuwa mpinzani wa nadharia hiyo. Sisi tumelichukua jina la mpinzani na kulifanya fundisho. Mlipuko una mahali ulipotokea na watu waliousikia kwa mbali. Tukio hili halikuwa na "mbali". Hata hivyo, istilahi hii imekwisha kuota mizizi na hatupendekezi ing'olewe. Tunapendekeza tu kwamba kila kitabu kitakachoitumia kimwonye msomaji.

4.0 Kiporo Ambacho Hakikupikwa

Mwumuko ulipokoma, ulimwengu ulikuwa mtupu na baridi, kwa maana kwamba chembe zozote ambazo huenda zilikuwapo kabla zilikuwa zimetawanywa mbali mno. Nishati yote ilikuwa katika uga ulioendesha mwumuko. Uga huo ukateremka hadi kiwango chake cha chini cha nishati, ukawa unayumba huku na huku kama bembea, na katika kuyumba huko ukamwaga nishati yake kwa kuzaa chembe. Chembe hizo zikagongana, zikagawiana nishati, na hatimaye zikafikia hali ya ulinganifu ambayo ndiyo pekee inayoturuhusu kuzungumzia halijoto. Hapo ndipo ulimwengu wa moto, tunaoufahamu kutokana na masazo yake, ulipoanza. Kofman na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba hatua ya kwanza ya umwagaji huo yaweza kuwa ya ghafla na yenye nguvu kubwa, kwa jinsi bembea inavyopanda inaposukumwa kwa wakati wake.

Kiingereza hukiita kipindi hiki kwa neno lenye maana ya "kupasha moto tena". Tulitafsiri neno kwa neno, nasi tukapata upashaji moto upya. Msemaji wa Kiswahili anaposikia kupasha moto upya, hufikiria kiporo, yaani chakula cha jana. Kiporo hakiwezi kuwapo kama hapakuwa na mapishi ya jana. Je, ulimwengu ulikuwa na mapishi ya jana? Nadharia za mwanzo za miaka ya 1980 zilidhani hivyo: zilianza na ulimwengu wa moto, ukapoa wakati wa kutanuka, kisha ukapashwa tena. Nadharia za baadaye hazihitaji moto huo wa kwanza. Dhana ilibadilika, jina likabaki. Kiingereza kina historia yake ya kulitetea jina hilo. Kiswahili hakina historia hiyo, na hakina sababu ya kuirithi.

Mwandishi amejaribu njia kadhaa za unyambuaji. Mpasho lingefaa kisarufi, lakini wapenzi wa taarabu wamekwisha kulimiliki. Mwasho linatokana na kuwasha moto, lakini mwanafunzi atajikuna. Tunapendekeza mchemko wa awali. Istilahi hii haidai kwamba palikuwa na joto jingine kabla, na inaleta picha ya chembe zinazofurukuta na kugongana mpaka zote ziwe na halijoto moja. Atakayepata neno bora zaidi atakuwa ametimiza lengo la makala haya.

5.0 Maangamizano na Bakaa

Katika joto hilo, chembe za mata na za antimata zilikuwa zikizaliwa pamoja na kuteketezana pamoja. Hapa Kiswahili hakihitaji msaada wa mtu yeyote. Kauli ya kutendana, iliyo katika mnyambuliko wa kila siku wa vitenzi vyetu, inasema hasa kile kinachotokea: elektroni na pozitroni huangamizana. Neno la Kiingereza la tukio hilo halionyeshi kwamba pande zote mbili hutenda na kutendwa. Silabi mbili za mwisho za kitenzi chetu zinaonyesha. Istilahi maangamizano inastahili kuingia vitabuni bila ya mjadala.

Baada ya maangamizano palibaki kiasi kidogo sana cha mata. Vipimo vinaonyesha kwamba kwa kila protoni au nyutroni moja iliyopo leo kuna fotoni zaidi ya bilioni moja. Maana yake ni kwamba kwa kila chembe bilioni moja hivi za antimata palikuwa na chembe bilioni moja na moja za mata. Bilioni zikaangamizana na kugeuka nuru, na ile moja ikabaki. Andrei Sakharov alieleza mwaka 1967 masharti matatu ambayo ni lazima yatimie ili tofauti hiyo itokee, lakini jinsi yalivyotimia hasa ni fumbo ambalo bado halijafumbuliwa. Mahesabu ya fedha yametupatia neno linalofaa hapa: bakaa. Nyota, milima ya Dodoma, na msomaji wa makala haya ni bakaa ya hesabu hiyo.

Mnamo sekunde ya kwanza hadi dakika kama 20, viini vyepesi vilipikwa. Hesabu yake ni rahisi kiasi cha kufundishika ubaoni kidato cha pili. Wakati upishi ulipoanza, palikuwa na takriban nyutroni moja kwa kila protoni saba. Chukua chembe 16: nyutroni 2 na protoni 14. Nyutroni hizo 2 hushikana na protoni 2 kuwa kiini kimoja cha heli chenye chembe 4. Protoni 12 hubaki kuwa haidrojeni. Nne katika 16 ni robo. Na kweli, karibu robo ya tungamo la mata ya kawaida iliyotokana na kipindi hicho ni heli. Binti wa Ihumwa aliifanya hesabu hiyo mchangani kwa kijiti, akaipata, akairudia mara ya pili ili ahakikishe. Hakuna neno hata moja katika maelezo hayo lililohitaji Kiingereza.

6.0 Ndoa ya Kwanza Haiitwi Kurudiana

Sasa tunarejea katika swali lililotuleta hapa. Kwa muda wa miaka 380,000 hivi ulimwengu ulikuwa ukungu wa moto. Elektroni zilikuwa huru, na kila fotoni iliyojaribu kusafiri iligonga elektroni na kupotoshwa njia. Halijoto iliposhuka kufikia Kelvini 3,000 hivi, elektroni zilishikwa na viini, atomi zikapatikana, na nuru ikaachwa isafiri. Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo hilo lilisubiri baridi ya kiasi hicho, ilhali atomi ya haidrojeni ina uwezo wa kuhimili halijoto kubwa zaidi. Jibu ni ile hesabu ya bakaa: kwa kuwa fotoni zilikuwa zaidi ya bilioni kwa kila protoni, hata zile chache zilizokuwa na nishati kubwa zilitosha kuivunja kila atomi iliyojaribu kujengeka. Ilibidi joto lishuke mno ndipo wavunjaji hao waishe.

Kiingereza hukiita kipindi hiki kwa neno lenye maana ya "kuungana tena", lililoazimwa kutoka maabara za gesi, ambako elektroni iliyong'olewa katika atomi hurudi mahali pake. Katika maabara neno hilo ni la kweli. Katika ulimwengu mchanga ni uongo, na wanafizikia wenyewe hukiri hivyo madarasani, kisha huendelea kulitumia kwa mazoea. Kwa Kiswahili, wawili walioachana wakaungana tena husemwa kuwa wamerudiana. Kurudiana kunadai ndoa iliyotangulia na talaka iliyofuata. Hapa hapakuwa na ndoa. Hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Je, tuseme muungano wa kwanza? Nchini Tanzania neno hilo lina tarehe yake, 26 Aprili 1964, na halikubali kugawiwa kirahisi. Tunapendekeza ufungamano wa kwanza. Kufungamana ni kushikana kwa kufungwa pamoja, na hivyo ndivyo fizikia inavyosema: elektroni ambayo ilikuwa huru sasa imefungwa na kiini. Kwa tukio lililoandamana nalo, la nuru kuachana na mata, kauli ya kutendana inatosha tena: mwachano wa nuru na mata.

Nuru iliyoachwa siku ile ingali ikisafiri. Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa kwa antena yao huko Marekani, wakatangaza mwaka 1965, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kwa kuwa nafasi imetanuka zaidi ya mara 1,000 tangu wakati ule, halijoto ya mnururisho huo sasa ni Kelvini 2.725. Wasomaji wenye umri wa kutosha watakumbuka chenga zilizojaa katika runinga za zamani pale kituo kilipofunga matangazo, kabla ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa nchini mwishoni mwa mwaka 2012. Sehemu ndogo ya chenga hizo ilikuwa nuru hiyo. Tuliitazama sebuleni bila ya kuwa na jina lake.

7.0 Hoja za Wapinzani

Kuna hoja tatu ambazo hatuna budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba istilahi za kimataifa zisiguswe, kwa sababu mwanafunzi atakutana nazo mbele ya safari. Tunakubali kwamba atakutana nazo, na ni lazima azijue. Lakini kujua jina ambalo wengine hulitumia si sawa na kulazimika kufikiri kwa jina hilo. Mjerumani husema Urknall nyumbani kwake na huelewana na wenzake katika mikutano ya kimataifa.

Hoja ya pili ni kwamba utohozi ungetosha: tuandike kwa sauti za Kiswahili maneno yaleyale ya Kiingereza, nasi tutakuwa tumemaliza kazi. Kwa majina ya vitu tunaafiki kabisa. Kwaki, gluoni, nyutrino na barioni ni majina ya vitu ambavyo havikuwa na jina kokote, na hapana faida ya kuvibunia mengine. Lakini matukio si vitu. Tukio huelezwa kwa kitenzi, na mfumo wa unyambuaji wa kitenzi ndio utajiri mkubwa wa lugha hii. Kutohoa jina la tukio ni kuuacha utajiri huo ghalani na kwenda kukopa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wapo watakaouliza: katika nchi ambamo mwanafunzi hana maabara wala kitabu, kwa nini tujishughulishe na sekunde ya kwanza ya ulimwengu? Mwandishi haipuuzi hoja hii. Jibu lake ni kwamba somo hili ni miongoni mwa machache yasiyohitaji maabara ili mtu aanze kulifikiri. Linahitaji anga, hesabu ya kugawanya, na lugha. Anga ya Ihumwa wakati wa kiangazi ni safi, ingawa tangu wizara zilipohamia Mtumba mwaka 2019 upande mmoja wake umeanza kupauka kwa taa. Babu zetu waliisoma anga hiyo. Jina Kilimia lenyewe, linalotokana na kulima, ni ushahidi kwamba waliyapa mambo ya angani majina kwa kuyatazama yanafanya nini. Sisi tunapendekeza kurejea katika kanuni hiyohiyo.

8.0 Mapendekezo na Hitimisho

Mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, kila istilahi inayopendekezwa kwa ajili ya tukio la kisayansi ipimwe kwa swali moja kabla ya kusanifiwa: je, msemaji wa Kiswahili asiyejua Kiingereza akiisikia ataona picha iliyo kweli au iliyo uongo? Pili, wanafunzi wa shahada za uzamili katika isimu wanaotafuta mada wakae na wenzao wa fizikia. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha taaluma zote mbili, na umbali kati yake si wa kilomita bali wa mazoea. Tatu, istilahi zijaribiwe kwa watoto wa sekondari kabla ya kuchapishwa. Kamati ya wataalamu huweza kukubaliana juu ya neno baya kwa sababu wote wanalijua neno la Kiingereza lililo nyuma yake. Mtoto hana kinga hiyo, na ndiyo maana hukumu yake ina thamani.

Huenda mwumuko lisikubaliwe. Huenda mchemko wa awali likapata mshindani bora, na ufungamano wa kwanza likaonekana refu. Mwandishi hatasikitika. Atakachosikitikia ni kuona kitabu cha kwanza cha kosmolojia kwa Kiswahili kikitoka kikiwa na elektroni "zilizoungana upya" na ulimwengu "uliopashwa moto upya", na mwanafunzi mmoja kijijini akiuliza viliachana lini, na mwalimu akimwambia asiulize, akariri tu. Kosa hilo mwandishi amekwisha kulifanya mara moja, uani, mbele ya shahidi.